Tupeane uzoefu: The Wire ilikugusa wapi?

Habari zenu ndugu zangu. Naanza mimi. Nimekulia Katwe, na filamu za polisi nilizijulia kwenye kibanda cha video: VJ, yaani msimulizi wa filamu, ameshika maiki anatafsiri kwa Kiganda, soda haijaisha mwizi keshakamatwa. Kaka akanipa flashi yenye The Wire, tamthilia ya Marekani ya polisi wa jiji la Baltimore wanaonasa simu za wauza dawa za kulevya, misimu yote 5. Sehemu tatu zikapita, simu hata moja haijaanza kusikilizwa! Karibu niache. Ila kwenye hiyo ya tatu, D'Angelo anawakuta vijana wake wa kuuza unga (dawa za kulevya) wakicheza drafti kwa kete za chesi, anawafundisha chesi yenyewe. Wanataka kujua kama kete ndogo za mbele zinaweza kuwa mfalme. Chesi naijua tangu utotoni. Nilijua jibu kabla hajalitoa: haziwezi. Nikasikia baridi. Nani mwingine?

Afande Mstaafu, Jinja
Kilichonigusa ni zile maiti za msimu wa 4 kwenye nyumba tupu. Mpelelezi anataka zifunguliwe, mkubwa wake anakataa kwa sababu mwaka unaisha na hesabu ya kesi itaharibika. Mimi niliwahi kuambiwa nisimfungulie faili mama aliyeibiwa mbuzi wanne, ripoti ya mwezi imeshaandikwa. Alikaa kwenye benchi hadi jioni, kamba ya mbuzi mkononi. Ed Burns, aliyeitunga pamoja na David Simon, alikuwa mpelelezi Baltimore. Inaonekana. Hayo huyajui bila kukaa kaunta.

Mwalimu wa Arua
Burns alifundisha shule pia, afande, ndiyo maana msimu huohuo wa 4 unaingia darasani. Mimi aliyenigusa ni Dukie tu, mwanafunzi wa humo. Mtoto ananuka, wenzake wanamkimbia, mwalimu Prez anamfulia nguo na kumpa nafasi ya kuoga shuleni. Nilikuwa na wangu wa darasa la sita (P6), alikaa karibu na mlango kwa hiari yake. Nikawa namkatia kipande cha sabuni ya mche kila Jumatatu, nakifunga kwenye karatasi ya daftari asionekane. Akaanza kunyoosha mkono darasani. Tamthilia nyingine ingeishia hapo. Yeye aliacha shule kabla ya mtihani wa P7, wa kumaliza shule ya msingi, na mwezi uliopita nilimwona stendi akipakia magunia. Aliniita "mwalimu", akaficha mikono nyuma.

Mama Duka, Busia
Pole mwalimu. Mimi Stringer Bell alinishika: muuza unga anayesoma uchumi chuoni, anaendesha kikao kwa utaratibu kabisa, kisha anampokonya kijana karatasi kwa kuandika kumbukumbu za uhalifu. Aliponifia sikupika siku hiyo.

Wa Katwe (mwanzisha mada)
Mwalimu, ule ukimya wa The Wire, muziki kwa kawaida hausikiki mpaka utoke kwenye redio au gari, sasa nauelewa. Huyo kijana, jioni huwa yuko stendi gani? Nashuka Arua na mzigo Ijumaa.

Mwalimu wa Arua
Stendi kuu, upande wa magari ya Koboko. Muulizie kwa wapakiaji, nitakutumia jina pembeni.