Maksi 97 au maksi 70 na kitu: ninunue gemu lipi kwa banda langu Mwanjelwa?

Kijana wa Benchi (mleta mada)
Habari za Jumapili wakuu.

Nina banda la gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya. PS4 moja, TV moja, pedi mbili, benchi la watu watano. Mechi moja mia tano, anayefungwa ndiye analipa. Gemu nililonalo ni FIFA 19, na wateja wameanza kunicheka kwa sababu humo Ronaldo bado yuko Juventus. Jirani yangu ng'ambo ya barabara kaleta FC 24, ndiyo FIFA ile ile kwa jina jipya. Tangu wiki iliyopita benchi langu linalaliwa na paka.

Sasa nimekesha nasoma tathmini za wachambuzi. FC 24 wameipa sabini na kitu, na wachezaji wenyewe huko Metacritic, tovuti ya kukusanya maksi za gemu, wanaisema vibaya mno. Red Dead Redemption 2, lile la farasi na bunduki, ina 97. Tisini na saba wakuu! Mwenye akili anachukua lipi hapo? Uwezo wangu ni gemu moja tu. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Nyundo wa Iyunga
FC. Uzi ufungwe.

Mnyalukolo Mpole
Kamwene mkuu. Hizo maksi usizichukulie kama matokeo ya kidato cha nne, hakuna baraza moja linalosahihisha. Metacritic wanaokota maksi za magazeti na tovuti nyingi, huyu anapima kwa 10, yule kwa nyota tano, wanazigeuza zote ziwe kwa 100 halafu wanapiga wastani. Na katika wastani huo kuna magazeti yenye uzito kuliko mengine, uzito wenyewe hawautaji. Wajapani wa gazeti la gemu la Famitsu wana mtindo wao: watu wanne, kila mmoja anatoa kwa 10, jumla 40. Gemu la Zelda la 1998, Ocarina of Time, ndilo la kwanza kuzoa 40 zote, na Metacritic imekaa na 99 mpaka leo. Umewahi kuiona kwenye banda lolote la Mbeya?

Sisi wa Miyomboni, Iringa, tulikulia gemu la mpira la Winning Eleven, tena ile yenye maandishi ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma jina la mchezaji, Roberto Carlos tulimtambua kwa kipara. Natumwa sukari saa tisa, narudi magharibi bila sukari na bila hela. Fimbo za mama nazikumbuka kuliko magoli.

Nyundo wa Iyunga
Mnyalu kaulizwa gemu, kajibu fimbo.

Fundi Pedi Sae
Mleta mada, nisikilize mimi ninayefungua pedi kila siku. Jiulize yule mchambuzi alikuwa wapi alipotoa hiyo 97. Alikuwa kwake, peke yake, kwenye kiti kizuri, saa hamsini na zaidi, hakuna mtu anayempumulia shingoni akisema "zamu yangu". Red Dead ni gemu la mtu mmoja kwenye TV moja. Pedi ya pili utaiwekea mlango usipigwe na upepo. Na linaanza taratibu: watu wamekwama milimani kwenye theluji, wanakokota farasi, wanaongea. Mteja wa Mwanjelwa katoa mia tano yake, dakika kumi zimeisha, bado anauliza goli liko wapi.

FC kupata sabini na kitu ni kwa sababu mchambuzi analiona kila mwaka na anachoka: "ni lile la mwaka jana." Ana haki. Kuna mwaka tovuti ya IGN iliipa FIFA 20 ya mashine ya Nintendo Switch maksi 2 kwa 10, mwaka uliofuata walipoona FIFA 21 ya mashine hiyo ni ile ile, wakarudisha tathmini ile ile na 2 ile ile. Lakini hicho kinachomchosha yeye ndicho kinachokulisha wewe. Mteja wako hataki jipya, anataka kumfunga rafiki yake.

Kijana wa Benchi
Fundi nakuelewa, ila naona umeegemea upande mmoja. Kwa Red Dead nitatoza kwa saa, siyo kwa mechi. Na watu watakaa kutazama kama sinema, nauza na karanga. Halafu jirani ana FC tayari, na mimi nikileta FC tutagawana wale wale. Wachambuzi zaidi ya tisini wakubaliane kwenye 97 halafu wote wawe wamekosea?

Mchumi Vwawa
Hawajakosea, wamejibu swali ambalo hukuuliza. Na maksi ni ya mashine fulani, siku fulani. Gemu la Cyberpunk 2077 lilipotoka Desemba 2020, tathmini za mwanzo zilikuwa za kompyuta, wachambuzi hawakupewa nakala za PS4. Leo kwenye Metacritic ya kompyuta ina 86, ya PS4 ina 57. Gemu moja, jina moja. Sony, wenye PlayStation, waliiondoa dukani kwao mwezi ule ule, ikarudi Juni 2021.

Kisima cha Tukuyu
Mimi hao wachambuzi siwaamini kabisa, wananunuliwa. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann, mchambuzi wa tovuti ya GameSpot, aliipa Kane & Lynch 6 kati ya 10 wakati tovuti nzima imepambwa matangazo ya gemu hilo hilo. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012 akasema wazi kuwa ni kweli.

Mchumi Vwawa
Sasa huyo si ndiye aliyekataa kununuliwa? Ushahidi wako unakupinga. Hadithi inayoniuma mimi ni ya kampuni ya Obsidian, waliotengeneza gemu la Fallout: New Vegas. Walikuwa na ahadi ya bonasi wakifika 85 Metacritic. Wakapata 84. Mtu umekesha miezi, pointi moja inakunyima hela.

Bibi Parachichi
Wanangu mnabishana maksi za Wazungu, mimi nina swali dogo. Kijana, hela ni ya nani?

Kijana wa Benchi
Shikamoo bibi. Hela ni ya biashara tu. Tuendelee na mada wakuu. Kuna muuzaji Kabwe, Red Dead anatoa elfu sabini, CD haina hata mkwaruzo. FC 24 kila ninapouliza inaanzia tisini.

Fundi Pedi Sae
Umejuaje haina mkwaruzo?

Kijana wa Benchi
Niliigeuza juani.

Fundi Pedi Sae
Kwa hiyo ulishaishika. Umelipa?

Kijana wa Benchi
Nimetanguliza arobaini tu. Ili asimpe mtu mwingine, maana kulikuwa na jamaa mwingine anaiulizia.

Nyundo wa Iyunga
Huyo "jamaa mwingine" yupo kila duka la Kabwe. Nadhani analipwa mshahara.

Mnyalukolo Mpole
Kumbe hukuja kuomba ushauri, ulikuja kuomba mashahidi wa harusi.

Bibi Parachichi
Marahaba mwanangu. Sijajibiwa.

Kijana wa Benchi
Bibi, banda wiki mbili halijaingiza kitu. Mama yupo Isyonje, alinitumia laki moja na nusu nimchukulie mbolea ya kupandia huku mjini. Mvua zenyewe bado hazijakolea. Nilipiga hesabu: Red Dead ikivuma wiki moja tu, hela inarudi na mbolea inafika kabla hajamaliza kusafisha shamba. Siyo kwamba nimeiba, nimeizungusha.

Bibi Parachichi
Mvua haisubiri mzunguko wako. Mbolea ya kupandia inaingia shimoni na mbegu. Mbegu ikishatangulia, mfuko utakaoleta baadaye atauwekea viatu. Nina mtoto wa umri wako, alizungusha ada ya mdogo wake kwenye mikeka ya mpira. Mpaka leo mdogo mtu akija Krismasi wanakula meza mbili. Nunua mbolea kesho asubuhi kwa iliyobaki, pungufu mwambie mama yako kwa mdomo wako. Hayo magemu mtajadiliana baadaye.

Kisima cha Tukuyu
Wakuu, mnachezewa. Hii ni chai, tena imekolea tangawizi. Mtu ana banda, anakaa na wateja kutwa, halafu anahitaji Wazungu wamwambie wateja wake wanapenda nini? Na huyu huyu mwezi wa tatu aliandika uzi yuko Njombe anafuga nguruwe, anaomba ushauri wa pumba. Kasahau. Kesho atakuwa rubani.

Nyundo wa Iyunga
Nguruwe tena! Nimevuta kigoda.

Mchumi Vwawa
Nimeutafuta, upo kweli. Nguruwe kumi na mmoja, Njombe. Mleta mada, hapo vipi?

Kijana wa Benchi
Nguruwe walikufa kwa homa. Wote, siku nne. Kilichobaki ni mabati na hela ya jike mmoja niliyemuuza kabla, ndiyo nikanunua PS4 na kurudi Mbeya. Sikuona sababu ya kuandika hayo kwenye uzi wa gemu.

Kisima cha Tukuyu
Maneno matupu. Picha.

Kijana wa Benchi
[picha: kava la Red Dead Redemption 2 limefunguliwa juu ya benchi la mbao, CD moja ndani, mkia wa paka pembeni]

Haya. Paka huyo. CD hiyo. Nilikwishaichukua jana, muuzaji anasubiri thelathini yake. Umeridhika?

Kisima cha Tukuyu
Paka nimemkubali. Samahani kwa nguruwe, kaka.

Fundi Pedi Sae
Subiri kwanza. Kava hilo lina nafasi mbili. Nyingine mbona tupu?

Kijana wa Benchi
Ya pili ya nini? Nilijua ni nafasi ya kitabu.

Fundi Pedi Sae
Red Dead 2 ya PS4 ina CD mbili. Moja ya data, unaingiza kwanza, mashine inameza kwa muda mrefu. Ya pili ndiyo ya kuchezea. Bila ile ya kwanza hutaona hata farasi. Uliyonayo imeandikwaje?

Kijana wa Benchi
Play.

Nyundo wa Iyunga
😶

Mchumi Vwawa
Hujaijaribu tangu jana?

Kijana wa Benchi
Mashine imejaa. Nyuma ya kava wameandika inataka GB 105, ilibidi nifute FIFA na kila kitu. Nikasema ngoja nipate kwanza ushauri wenu.

Fundi Pedi Sae
Basi usifute chochote. Na hiyo thelathini usiitoe. Atakapokuja kuidai mwambie aje na CD ya data, la sivyo achukue kava lake arudishe arobaini. Ukishaipata hiyo hela yako pita Sae, nitakutafutia FC ya mtumba, ile pedi yako ya pili nitakusafishia bure.

Bibi Parachichi
Akishaipata hiyo arobaini anapita dukani kwa mbolea, siyo Sae.

Kijana wa Benchi
Jamaa kanipigia mwenyewe sasa hivi anaulizia thelathini. Nimemwambia aje na CD ya pili. Akauliza, "CD ya pili ipi?" Nikamwambia ya data. Kanyamaza kidogo, kisha akasema yeye anauza viatu, hilo kava aliachiwa na mpwa wake, na mpwa yuko Tunduma.

Mnyalukolo Mpole
Na mama?

Kijana wa Benchi
Simu yake inaita.