Boom halifikishi siku sitini, na sasa nimekosa hosteli: nipange chumba au nibebwe?

Mgeni wa Msewe aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za masomo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bodi ya Mikopo inanipa fedha kamili za chakula na malazi, yaani shilingi 10,000 kwa siku, ambazo hunifikia kwa mkupuo wa siku 60, kwa hiyo boom langu ni shilingi 600,000. Mwaka jana nilikuwa na kitanda hosteli, na hata hivyo ilipofika siku ya arobaini hivi nilikuwa sina kitu. Siku zilizobaki niliishi kwa kukopa kwa wenzangu na kumpigia simu mama, ambaye anauza mboga sokoni Korogwe na hana cha ziada. Sinywi pombe wala sikununua simu mpya. Kila nikikaa kukumbuka hela ilikokwenda, ninakumbuka chipsi, vocha, bodaboda na michango ya siku za kuzaliwa.

Mwaka huu majina ya waliopata hosteli yametoka na la kwangu halimo. Nina njia mbili. Ya kwanza ni kubebwa: rafiki yangu aliyepata kitanda yuko tayari tulale wawili kwenye kitanda hicho hicho, jambo linalofanywa na wengi ingawa uongozi wa hosteli haulitambui. Ya pili ni kupanga chumba Msewe na mwenzangu tunayesoma naye kozi moja. Kodi ni shilingi 80,000 kwa mwezi, ila tunaambiwa mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa pamoja, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Jumla ni 560,000, yaani kila mmoja wetu atoe 280,000. Nitabaki na 320,000, ambazo nikizigawa kwa siku 60 ni kama 5,300 kwa siku, na humo humo kuna chakula, umeme, maji, vocha na fotokopi.

Je, inawezekana kuishi hivyo? Na kwa mliowahi kulifikisha boom siku ya sitini, mlifanyaje? Dalali amenipa hadi Ijumaa, anasema kuna watu wengine watatu wanakitaka chumba hicho.

---

Karani wa Zamani alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nilimaliza hapo Mlimani miaka kadhaa iliyopita, na nimewahi kubebwa muhula mzima, kwa hiyo hilo nitalisema kwa ufupi: kubebana ni msaada wa wiki mbili au tatu wakati mtu anatafuta pa kukaa, lakini ukilifanya makazi, utapoteza usingizi na baadaye utampoteza na rafiki. Hao watu watatu wa dalali nao usiwahofu. Mimi waliwahi kunisubiri watatu, na chumba nilikikuta kitupu baada ya wiki mbili.

Shida kubwa ninayoiona kwenye hesabu yako ni ile miezi sita. Nyumba haiendi likizo. Mwaka wa masomo huanza karibu na Novemba na kumalizika Julai, na katika likizo ndefu boom halitoki. Ukilipa miezi sita kuanzia Novemba utafika Aprili. Ukilipa sita mingine utafika Oktoba, maana yake mmelipia Agosti, Septemba na Oktoba ambapo wewe uko Korogwe na chumba kimefungwa kwa kufuli. Hiyo ni 240,000, na sehemu yako ni 120,000, yaani chakula cha zaidi ya wiki tatu kwa hesabu yako mwenyewe. Kalipeni kwa miezi mitatu mitatu: Novemba hadi Januari, Februari hadi Aprili, Mei hadi Julai, kisha mrudishe ufunguo. Kama mwenye nyumba atakubali, malipo ya kwanza pamoja na ya dalali yatakuwa 320,000, wewe utatoa 160,000 na kubakiwa na 440,000. Ila siku unayosaini boom la pili, kabla hujanunua hata soda, toa 120,000 ya kodi inayofuata uiweke pembeni, kwa sababu miezi mitatu itakwisha katikati ya boom hilo.

Sasa kuhusu siku ya arobaini. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika matumizi yangu yote kwenye daftari la mistari, na nilichogundua ni kwamba katika siku tisa za mwanzo nilikuwa nimetumia zaidi ya theluthi moja ya hela yote. Mtu mwenye laki sita kwenye simu haoni shilingi 4,000 ya chipsi kuku kuwa ni hela, ilhali siku ya hamsini anaweza kutembea kutoka Ubungo hadi chuoni kuokoa nauli. Kwa hiyo nilianza kujilipa mshahara. Hela yote ilibaki benki na kadi niliiacha chumbani kwenye begi, kisha kila Jumatatu asubuhi nilihamishia kwenye simu kiasi cha wiki moja tu. Kwa upande wako, ukitoa kwenye zile 440,000 kama 60,000 za vyombo na vitu vya kuanzia, na 50,000 ya akiba, unabaki na 330,000, ambazo ni 5,500 kwa siku au 38,500 kwa wiki. Ikiisha Alhamisi, basi Ijumaa hadi Jumapili utakula ugali na mchicha, na Jumatatu utakuwa umejifunza bila kuhubiriwa na mtu.

Ile akiba ya 50,000 usiiguse, kwa sababu siku 60 za boom hazifuati kalenda ya ukutani kwako. Linaweza kuchelewa wiki moja au mbili, na anayechelewa kusaini hujikuta hela imerudishwa Bodi, akaanza kufuatilia ofisi kwa ofisi. Ni katika wiki hizo wanafunzi hukimbilia mikopo ya kwenye simu. Mimi nilikopa 30,000 kwenye programu moja ambayo sitaitaja. Nilipochelewa kulipa siku nne, walituma ujumbe kwa watu waliomo kwenye orodha ya namba zangu, akiwemo mhadhiri wangu wa takwimu, kwamba mimi ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya aina hiyo yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, lakini kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa inayomkamua mkopaji, haikosi sura mpya. Heri ukope sahani ya wali kwa jirani.

---

Mama Wapangaji alijibu:

Mwanangu, mimi niko upande wa pili, nina nyumba yenye vyumba sita na nimepangisha wanafunzi tangu mume wangu akiwa hai, kwa hiyo nitakueleza namna tunavyofikiri. Wengi wetu tunadai miezi sita kwa sababu tunategemea hela hiyo kwa ada za watoto au kwa kupaua chumba kingine, na pia kwa sababu tumewahi kukimbiwa usiku na wapangaji waliobeba hadi balbu. Lakini mwenye nyumba akimwona mtu uso kwa uso, akaelezwa kwa heshima kwamba hela ya mwanafunzi inaingia kwa vipindi, mara nyingi hulegeza. Dalali ndiye hatalegeza, kwa sababu nyumba si yake. Tena wapo madalali wanaotaja miezi sita wenyewe ili kupima mfuko wako. Usitoe hata shilingi kabla hujakaa na mwenye nyumba au mtu wa familia yake anayejulikana mtaani. Na ili umjue, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize nyumba hiyo ni ya nani. Ukishaonana naye, mkataba uandikwe, ujazwe tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Hela mlipe kwa benki au kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Kabla ya kuingiza godoro, piga picha kuta, dari, kitasa na vioo vya dirisha, maana siku ya kuondoka ndipo nyufa za zamani huwa zenu.

Ninataka kusema zaidi juu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kuwa humo ndimo wapangaji hugombana kuliko kwenye kodi. Nyumba yenye mita moja na wapangaji wengi haiwezi kubaki kwenye ile bei nafuu ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Mwenye bei hiyo nafuu akinunua umeme wa shilingi 1,000 hupata uniti nane na ushee. Nyumba kama yangu hupata 2.8 hivi. Ndiyo maana mpangaji mwenye taa moja tu hukasirika akiambiwa atoe sawa na mwenye friji. Balbu ndogo ya wati 9 ikiwaka saa sita kila usiku haimalizi uniti mbili kwa mwezi, lakini jiko la koili la wati 1,000 likichemsha maharage kwa saa mbili, uniti mbili zimekwenda siku hiyo hiyo, ambazo ni shilingi 700. Kwangu nimebandika karatasi pembeni ya mita: kila chumba kimeandikwa vifaa vyake na mchango wake, na anayenunua anaandika tarehe, kiasi na uniti alizoingiza. Waulize wapangaji wa hapo Msewe wanagawanaje, na uwaulize kabla hujalipa kodi. Jambo jingine ni kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme ukaona imekatwa, hiyo ni ya mwenye nyumba na una haki ya kumkumbusha akupunguzie wakati wa kulipa kodi ya chumba. Wapangaji wangu wananikumbusha, tena bila aibu.

---

Jikoni Mwaka wa Tatu alijibu:

Ninakubaliana na kaka Karani kuhusu miezi, ila kuhusu mshahara wa kila Jumatatu ninatofautiana naye kidogo, kwa sababu kwangu haukufanya kazi. Hela ikiwa kwenye simu, hata kama ni ya wiki moja, nitanunua bando. Mimi siku boom linapoingia ninaenda sokoni na kununua chakula cha mwezi mzima: mchele, unga, maharage, mafuta, sukari, chumvi, dagaa. Kiroba cha unga hakiwezi kugeuka kuwa bando wala mchango wa keki ya mtu. Kinachobaki kwa wiki ni hela ya nyanya, vitunguu, mboga na sabuni, na hicho ndicho ninachojilipa Jumatatu.

Dada (au kaka, samahani sijui), tofauti ya 5,300 na 10,000 inaamuliwa na kama unapika au hupiki. Ukila kwa mama ntilie mara mbili kwa siku kwa sahani ya 2,000, ukaongeza chai na chapati asubuhi, 5,000 imeisha na hujapanda daladala. Tunaoishi wawili tunapika mara moja jioni na kubakiza cha mchana wa kesho. Maharage tunayapika Jumapili, kilo nzima, kwenye jiko la mkaa tunalochangia na jirani: tunayaloweka tangu Jumamosi usiku, asubuhi tunamwaga yale maji, tunayainjika kwa maji mapya bila chumvi, kwa sababu kwangu yakitiwa chumvi mapema yanagoma kuiva. Yakishaiva tunayagawa makopo matatu bila kuyaunga. Kopo moja linaungwa siku hiyo, mengine mawili yanakaa kwenye friji ya mama mwenye nyumba, na kila likitolewa linaungwa upya kwa kitunguu na nyanya au kwa nazi, ili lisichoshe. Mtungi wa gesi wa kilo sita tunauhifadhi kwa wali, mboga na chai tu, na kwa namna hiyo unatufikisha mwezi na zaidi.

Halafu ongeeni mapema na huyo mwenzako kuhusu wageni. Chakula cha wawili hakikuwahi kutushinda. Kilichotushinda ni shemeji aliyekuja kila jioni saa moja kasoro, wakati ambapo wali unapakuliwa.

---

Mgeni wa Msewe alirudi na kuandika:

Ninawashukuru nyote, na mimi ni kaka. Jana tulikwenda serikali ya mtaa kama alivyoelekeza mama, tukaelekezwa kwa mwenye nyumba, mzee mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Alishangaa kusikia habari ya miezi sita, akasema alimwambia dalali minne. Tulimwomba mitatu akakataa, kwa hiyo tumelipa minne kwa benki, na mkataba, wa awamu mbili za miezi minne, unaishia Juni huku Julai tukiruhusiwa kulipa mwezi mmoja peke yake, hilo tumeliandika. Pamoja na ya dalali, kila mmoja ametoa 200,000. Nimebaki na 400,000, nimenunua mchele na maharage kwanza, na 50,000 iko benki.

Karatasi ya LUKU tumeipendekeza na wapangaji wanne kati ya watano wameikubali. Wa tano ni fundi cherehani, anasema pasi yake haili umeme kama tunavyodhani. Mama, kwenye karatasi yako mwenye pasi anachangia kiasi gani?

---

Mama Wapangaji alijibu:

Pasi ya nyumbani ya wati 1,000 ikitumika nusu saa ni nusu uniti, haifiki hata shilingi 200, na kwangu siihesabu. Ila fundi cherehani hunyoosha mchana kutwa. Mwambieni awashe pasi peke yake kwa saa moja wakati wengine wamezima kila kitu, msome mita mwanzo na mwisho mkiwa wote mmesimama hapo, kisha mkadirie pamoja naye anainyooshea saa ngapi kwa siku.