Mkono wangu unarudia umbo lilelile: ni akili ya ndani au ni mazoea?

Swali
Ndugu wachoraji, naomba ushauri wenu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichora picha dhahania, yaani zisizoonyesha kitu halisi, bila kupanga lolote, nikiamini kwamba nikiuachia mkono, yaliyojificha moyoni yatajitokeza yenyewe. Wiki hii nilizitandaza picha zangu sakafuni na nikasikitika sana, kwa sababu karibu zote zina mkunjo uleule unaoanzia chini kushoto na kupanda kulia, tena kwa buluu ileile. Je, hiyo ni akili ya ndani inayosema, au ni mkono uliozoea? Na nikianza na rasimu, sitakuwa nimeiua ile hali ya papo kwa papo?

Jibu la kwanza
Rasimu haiui chochote, ndugu yangu. Kandinsky, mchoraji Mrusi wa picha dhahania, alipokuwa akiandaa picha yake “Composition VII” huko Munich, Ujerumani, alifanya michoro ya majaribio zaidi ya 30, akilirudia umbo la katikati hadi mkono ukalishika. Kisha, mwezi Novemba 1913, kanvasi yenyewe, yenye upana wa mita 3 hivi na kimo cha mita 2, akaimaliza kwa takribani siku nne, huku mchoraji mwenzake Gabriele Münter akiipiga picha kadiri kazi ilivyosonga. Kasi ile isingewezekana bila maandalizi yale. Franz Kline naye, mchoraji wa Marekani ambaye mistari yake mizito myeusi huonekana kama imepigwa kwa pumzi moja, mara nyingi alianza na vichoro vidogo kwenye kurasa za kitabu cha simu.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu rasimu, ila swali la mazoea ndilo zito zaidi. Mkono uliofunzwa una njia zake, na ukiuachia utapita palepale ulipopita jana. Naona mchoraji Mfaransa André Masson alilielewa hili: baada ya kuchora kwa wino upesi upesi bila kusudio, mwishoni mwa mwaka 1926 alianza kumwaga gundi kwenye kanvasi na kuitupia mchanga, ili umbo lianzie mahali ambapo mkono haukupachagua. Mchoraji Mmarekani Jackson Pollock, kuanzia 1947, alitandaza kanvasi sakafuni katika banda lake huko Long Island, New York, na kudondosha rangi kwa vijiti, hivyo kiwiko, bega na miguu vikashika kazi ya kifundo cha mkono. Baadaye aliitundika ukutani na kuitazama kwa muda kabla ya kuendelea. Jaribu kufunga brashi kwenye mpini mrefu, uone ule mkunjo utakwenda wapi.

Muulizaji
Nawashukuru kwa dhati. Jana nilifunga brashi kwenye mpini wa ufagio, nikasimama wima na kuchora. Mkunjo ulianza palepale chini kushoto, lakini katikati mpini ulitetemeka, mstari ukakatika mara mbili, na rangi ikatuama penye mkato ikawa doa jeusi kidogo kuliko buluu yangu ya kila siku. Picha nimeitundika mbele ya kitanda na bado sijaigusa, kwa kuwa doa lile ndilo ninalolitazama tangu asubuhi.