Massey 135: natoa dainamo naweka alteneta, waya zipi zibaki?

mkulima135: Wakuu, trekta ni Massey Ferguson 135, dainamo ya Lucas C40 na katauti (kidhibiti chaji) ya pembeni. Ina taa nne za wati 55 za kulimia usiku, betri haifiki asubuhi. Alteneta ipo, ampia 45, katauti yake iko ndani. Waya za dainamo zinafaa?

FundiWaya: Mwembamba unafaa, mnene hapana. Ila anza na betri. Matrekta mengi ya Uingereza ya enzi hizo yalifungwa chanya kwenye bodi. Alteneta inataka hasi kwenye bodi. Ukikosea, daiodi zake (vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua papo hapo. Ukigeuza betri, geuza na waya nyuma ya ampimita (geji ya chaji kwenye dashibodi). Stata na taa hazijali.

Ng'oa katauti ya zamani. Waya zilizokuwa kwenye ncha zake za A na A1 ziunge pamoja, la sivyo taa hazipati moto. Waya wa F, ule mwembamba wa dainamo (mara nyingi kahawia wenye mstari wa kijani), uwe wa taa ya chaji: swichi, balbu ya wati 2.2, kisha ncha ndogo ya alteneta, IND au D+. Kutoka B+, ncha kubwa ya alteneta, vuta waya mpya wa milimita 10 za mraba hadi boliti ya stata inapoingia kebo ya betri, na fyuzi ya ampia 60. Waya wa D, ule mnene wa dainamo, uzibe ncha uuache.

mkulima135: B+ isipite kwenye ampimita? Na balbu ikiwa ya LED?

Jembe_Tatu: Ampimita hiyo mwisho wake ampia 30. Betri ikilala kabisa alteneta inasukuma zaidi ya hapo, na nati za nyuma ya dashibodi zinachemka. Weka voltimita. LED haipitishi umeme wa kutosha, alteneta haiamki (haianzi kuchaji) mpaka upige resi. Funga rezista (kipingamizi cha umeme) ya ohm 68, wati 5, sambamba nayo.

FundiWaya: Sahihi. Puli zinyooke, mkanda utalika upande mmoja zikipishana. Kupima: washa taa zote, ongeza resi, betri isome volti 13.8 hadi 14.4. Kisha pima kati ya B+ na chanya ya betri, ikizidi volti 0.3, kuna kiungo kibovu. Rudia kati ya bodi ya alteneta na hasi, kwa kuwa rangi na kutu kwenye bracketi huzuia umeme.

Na ule mtindo wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili "kupima chaji" uachwe kwenye dainamo. Alteneta hapo inapandisha volti ghafla na kuua katauti ya ndani.