BBC, VOA au Duolingo: kipi kinamfaa anayesoma Kiingereza akaelewa, ila mdomo haufunguki?

Mfunga_Maboksi (Njombe)

Kamwene wakuu. Nafanya kazi kwenye kituo cha kufungasha parachichi, zile Hass za kwenda nje. Kiingereza nilisoma mpaka kidato cha nne, barua pepe za wateja nazisoma bila kushika kamusi. Shida ni simu. Wiki iliyopita mnunuzi alipiga, bosi hayupo, nikapokea. Jamaa kaongea kama dakika mbili, mimi "yes, yes", halafu akanyamaza. Hapo ndipo nikajua kumbe ameuliza swali. Nikamwambia "network, network" nikakata.

Nimeona aibu imetosha. Bando langu ni GB 1 kwa wiki, simu ya kawaida tu, memori kadi ninayo. Nimechuja nikabaki na tatu: Duolingo, BBC Learning English na VOA Learning English. Waliotumia naomba mnilinganishie. Msiniambie zote nzuri.

Kijana_Mwanjelwa (Mbeya)

Duolingo mkuu! Nina siku 211 mfululizo sijakosa. Ni dakika kumi tu, hata kwenye daladala ya Uyole unamaliza somo. Ukisahau, yule bundi wa kijani anakukumbusha. Nyumbani bundi akilia juu ya paa watu wanaitana, huyu analia kila jioni kwenye simu na mama ameshamzoea.

Ila nikuonye: kozi ya Kiswahili utakayoiona mle si yako. Ni ya wanaojua Kiingereza wanaotaka kujifunza Kiswahili. Siku ya kwanza niliifungua kwa makosa, nikapata zote, nikadhani nimekuwa mkali. Na kwenye toleo la bure kuna wakati unasimamishwa, usubiri au ulipie.

Mfunga_Maboksi (Njombe)

Siku 211, je, simu ya mzungu unaipokea?

Kijana_Mwanjelwa (Mbeya)

Hajawahi kunipigia.

Mwalimu_Mafinga (Iringa)

Mfunga Maboksi mdogo wangu, maneno unayo, kinachokusumbua ni sikio. Shuleni tuliwafundisha kwa macho, na mimi bado nafundisha hivyohivyo, watoto sabini na ubao mmoja. Mtu aliyejua "packed" kwa macho anangoja kusikia "pakedi". Mwenye lugha anasema "pakt", silabi moja, limeshapita. Hiyo -ed ina matamshi matatu: kwenye "packed" ni t, kwenye "loaded" ni id, kwenye "cleaned" ni d. Kwenye karatasi zote zinafanana.

Kwa hiyo Duolingo kwako naiweka pembeni. Ni nzuri kwa kujenga mazoea, ila sentensi zake ni fupi na nyingi zinasomwa na sauti ya mashine. Haikuandai kwa mtu anayeongea dakika mbili bila kupumua.

VOA walianza kipindi chao cha Kiingereza rahisi tarehe 19 Oktoba 1959, wakakiita Special English. Maneno ya msingi kama 1,500, sentensi fupi, msomaji anakwenda taratibu. Wasikilizaji wake wakati ule walikuwa kwenye masafa mafupi yenye makelele, kwa hiyo kila neno linatamkwa likaisha. Kwa anayeanza kabisa wana pia Let's Learn English, masomo 52 ngazi ya kwanza. Kasoro ni mbili: mnunuzi wako haongei hivyo, na tangu serikali ya Marekani ilipoisimamisha VOA Machi 2025 usitegemee vipya. Ukikuta vya zamani, pakua uweke kwenye kadi.

BBC wanafundisha Kiingereza tangu 1943. Chukua 6 Minute English. Watu wawili wanazungumza mada moja, mwanzoni wanatega swali, mwishoni wanatoa jibu, katikati wanaeleza maneno sita. Mwendo ni wa watu wanaoongea kweli, ila wamepunguza kidogo. Na maandishi yake yote yapo, hicho ndicho nakitaka kuliko vyote.

Habari ya bando: sauti inakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kipindi ni kama MB 6. Vitano kwa wiki hata MB 50 hazifiki. Video ukiiacha ijichagulie ubora, dakika sita hizohizo zinaweza kula MB 60.

Sasa usikilizaji. Usisikilize huku unakula. Kata sekunde ishirini tu. Sikiliza, simamisha, andika ulichosikia, rudia mara tatu, ndipo ufungue maandishi. Utakuta maneno magumu umeyapata. Uliyokosa ni of, have, to, them, maana hayo ndiyo yanayomezwa. Mimi mwenyewe, mwalimu wa somo, siku ya kwanza "a lot of them" niliiandika kama neno moja nisilolijua. Wanafunzi sikuwaambia.

Dada_wa_Tukuyu (Rungwe)

Mwalimu kamaliza, nachomekea tu. Humohumo BBC kuna mfululizo unaitwa English at Work. Dada mmoja, Anna, ameajiriwa London kwenye kampuni ya hadithi tu inayouza matunda ya plastiki. Kaka wa parachichi, hapo umefika kwenu. Kila kipindi kinabeba jambo moja la ofisini, mfano kupokea simu au kumwomba radhi mteja, na maneno ya kutumia yamewekwa wazi. Nipo mapokezi nyumba ya wageni, mengi ninayosema kila siku nimeyatoa humo.

Na matamshi usiyadharau. Tuliokulia kwenye Kinyakyusa, l na r ni mtihani. Wahehe msicheke, nanyi mmo. Kuna mgeni nilimtangazia kwa fahari kwamba leo chakula cha jioni ni "very good lice from Kyela". Lice ni chawa. Alinitazama, akatazama sahani, akaomba chipsi. Tangu siku hiyo kila neno lenye r nalipeleka kwenye kamusi ya Cambridge au Oxford Learner's mtandaoni, ni bure, unabonyeza unasikia Mwingereza na Mmarekani. Halafu najirekodi kwenye simu, nasikiliza mimi, nasikiliza wao. Sauti yako mwenyewe inatia aibu wiki ya kwanza, baadaye unazoea.

Foleni_Tunduma (Songwe)

Nawapinga kidogo. Sikio litafunguka, mdomo je? Kiingereza changu nimekitoa kwa madereva wa Zambia kwenye foleni ya mpaka. Foleni yenyewe mnaijua, darasa la bure kutwa nzima. Hakuna aliyewahi kunicheka, na kwao Kiingereza ndiyo lugha ya ofisi na shule.

Wewe uliye mbali na mpaka, jaribu HelloTalk au Tandem. Unatafuta mtu anayejifunza Kiswahili, robo saa mnaongea chako, robo saa chake. Wanaokitaka Kiswahili wapo, na wewe ndiye mwalimu, kwa hiyo hujinyenyekezi. Anza na ujumbe wa sauti, hauli bando kama simu na unaweza kuurudia kabla ya kutuma. Akikutangazia ndoa wiki ya kwanza au mama yake akaugua ghafla, futa.

Kijana_Mwanjelwa (Mbeya)

Kuhusu kulipia, kuna jamaa alinitoza elfu thelathini za "kozi ya miezi mitatu" kwenye kundi la WhatsApp. Zikaja PDF mbili, moja imepigwa picha kichwa chini. Sikumwona tena. LearnEnglish ya British Council ni bure na imepangwa kwa ngazi, A1 mpaka C1, anza na jaribio lao ujue uko wapi.

Pia ChatGPT, mwambie awe mnunuzi wa matunda, wewe muuzaji.

Mwalimu_Mafinga (Iringa)

Kwa mazoezi ya kuandika sawa. Ila inasifia mno. Niliipa insha ya mtoto wa kidato cha kwanza ikasema ni kazi ya kuvutia sana. Mwambie akuonyeshe makosa tu.

Mfunga_Maboksi (Njombe)

Wakuu, wiki ya tatu leo, narudisha majibu. Duolingo nimemwachia mwanangu, bundi wanaelewana. Asubuhi nafanya sekunde ishirini za Mwalimu kabla baridi haijaniachia vidole, daftari limejaa duara nyekundu kwenye of na have. VOA nasikiliza Jumapili nikipalilia, huko ndiko napumzika. HelloTalk nimepata mzee mmoja wa Scotland, lafudhi yake ni adhabu lakini ana subira. English at Work imenipa sentensi moja ambayo imelipa bando lote: "Could you say that again, please?"

Jana mnunuzi kapiga tena. Akaongea, akanyamaza. Nikaitoa. Akarudia. Nikasikia "draimata". Nikaitoa mara ya pili. Akasema polepole: dry matter.

Dry matter! Kile kinachobaki parachichi likikaushwa maji yote, ndicho kinachoonyesha kama limekomaa. Kila siku naliandika kwenye fomu kwa mkono wangu, kila tela linaloingia. Swali la siku ile nililokata simu nadhani lilikuwa hilohilo.

"Twenty-six percent," nikamjibu. Akasema "lovely" akakata. Mwalimu, hilo "lovely" linasemwaje kwa namba? Au nalo nimelisikia vibaya?