Redio ya jamii ikilipiwa na serikali, habari zake zinakuwa za nani?

Mkulima_K (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Huku wilayani kwetu tuna redio moja ya jamii, jina naliacha, ndo inatutangazia kila kitu, misiba, ng'ombe waliopotea, siku ya chanjo, bei ya mpunga, barabara ikikatika masika wao ndo wa kwanza kusema. Mwanzo ilibebwa na mradi wa wafadhili. Mradi umeisha, vijana waliokuwa wanajitolea wanaondoka mmojammoja, luku ikikata redio inakaa kimya mpaka mtu achangie. Wazee wanasema halmashauri itenge fungu kwenye bajeti. Vijana wanakataa, wanasema hela ya halmashauri ikiingia tu tutakuwa tunasomewa taarifa za ofisi ya mkuu wa wilaya asubuhi mpaka jioni. Naombeni mnielimishe, kuna namna serikali inaweza kulipia habari bila kuzishika? Naogopa yote mawili, redio kufa na redio kununuliwa.

Binti_wa_Studio

Mtoa mada nimefanya kazi redio za mikoani miaka mingi, ngoja nikwambie wanachosahau hao vijana wenu. Redio isiyochukua hela ya serikali sio kwamba iko huru. Mwandishi wa wilayani hana gari wala mafuta, analipwa kwa stori, tena mpaka stori itoke. Sasa kijiji chenye mgogoro wa ardhi kiko kilometa sitini, anafikaje? Anaomba lifti kwenye msafara wa DC. Anakaa siti ya nyuma na afisa habari, wanafika, DC anahutubia, yeye anarekodi hotuba, msafara ukigeuza inabidi ageuze nao la sivyo analala hukohuko, na yule mama anayelalamikia shamba lake amesimama pale na karatasi zake mkononi hajaulizwa hata swali moja. Jioni posho kidogo. Hapo hakuna aliyemtisha mtu wala kumpigia simu mhariri, ila habari imeshapinda kabla haijafika studio.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa hela iende wapi nasema mafuta na mshahara kwanza. Na msisahau kwamba serikali inalipia vyombo vya habari siku zote, kupitia matangazo. Tatizo ofisi zinatangaza halafu hazilipi, deni linakaa miaka, na mhariri mwenye deni lake pale ofisini anajifikiria mara mbili kabla hajaiandika vibaya ofisi hiyohiyo. Walipe tu wanachodaiwa, uone redio ngapi zitapumua.

Jirani_wa_Voi

Hilo la matangazo naliunga mkono kabisa, huku Kenya tumeliona live. Machi 2024 katibu wa utangazaji alitoa barua kwamba wizara na mashirika yote ya serikali yapeleke matangazo yao ya redio na TV kwa KBC pekee, yaani shirika la utangazaji la serikali. Fikiria stesheni ndogo ya kaunti iliyokuwa ikitegemea matangazo ya afya na kilimo, siku moja mfereji umefungwa na hakuna mtu amepiga kura popote. Mambo yakaishia kortini. Na kumbuka Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 34, inasema wazi chombo cha serikali kiwe huru kuamua maudhui yake chenyewe na kisipendelee upande. Maneno mazuri sana, lakini KBC yenyewe imebeba deni la mkopo wa Japani tangu miaka ya themanini, sasa mtu anayedaiwa hivyo na anasubiri Hazina imwokoe atamwambia nani ukweli?

Mbongo_Ughaibuni

Niko Marekani nachangia kidogo. Hawa walijenga mfumo ambao kwenye karatasi ni mzuri kuliko yote niliyoona. Sheria ya 1967 ilianzisha shirika lililoitwa CPB, lilikuwa halitangazi chochote, kazi yake ilikuwa kupokea hela za serikali kuu na kuzigawa, zaidi ya 70% zilikuwa zinaenda stesheni za mitaani. Tena bajeti ilipitishwa miaka miwili mbele kusudi mwanasiasa akikasirika leo asiweze kukata leo. Na bado Julai 2025 zimekatwa, dola bilioni 1.1 ambazo zilishapitishwa, kura Seneti 51 kwa 48, baraza la wawakilishi 216 kwa 213, Trump akasaini tarehe 24, wiki iliyofuata CPB wakatangaza wanafunga.

Hasira ilikuwa kwa NPR (redio) na PBS (TV), mitandao mikubwa ya utangazaji wa umma, ambao wanaambiwa wanaegemea upande mmoja. Lakini NPR ilikuwa inapata moja kwa moja kutoka CPB sehemu ndogo sana. Aliyeumia ni stesheni kama KYUK ya Bethel, Alaska, inatangaza kwa Kiingereza na Kiyup'ik, lugha ya wenyeji, vijiji vyake hakuna barabara ni ndege na boti, na karibu 70% ya bajeti yake ilitoka huko. Oktoba mwaka huohuo mabaki ya kimbunga Halong yakapiga vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, watu wakahamishwa kwa ndege, na redio hiyo ndo watu wa kule wanaitegemea wakati kama huo. Inaniuma sana hii. Kwa hiyo mkulima, hata mfumo mzuri usiwe ndo mguu pekee wa kusimamia.

Binti_wa_Studio

Afrika Kusini nao wana wakala wao, MDDA, kwa sheria ya 2002, serikali inatia na watangazaji wakubwa wanatia, redio za jamii zinaomba ruzuku. Sio pepo, zipo redio kule zimezimwa kwa kudaiwa na Sentech, kampuni ya serikali yenye minara, hela ya kurushia matangazo, lakini angalau anayetoa hela sio yule anayeandikwa habari. Hapa kwetu Tanzania tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kampuni za simu zinachangia, na umeshasaidia kupanua usikivu wa TBC, shirika la utangazaji la serikali. Kwa nini redio ya jamii isipate fungu humohumo, ikapita mbali na ofisi ya DC?

Mkulima_K

Asanteni sana nimepata cha kupeleka kwenye kikao cha bodi. Nitasema halmashauri ilipie umeme na matangazo yake kwa bei iliyobandikwa ukutani kwa kila mteja, na isipewe kiti kwenye bodi. Mafuta ya mwandishi yatoke michango ya vyama vya ushirika na wasikilizaji, ili siku ya mgogoro wa ardhi aende na pikipiki yake na abaki mpaka yule mama amalize kuongea. @Binti_wa_Studio, kuomba kwenye huo Mfuko inaanzia wapi, redio yenyewe inaandika au lazima ipitie halmashauri?