Naombeni ushauri: nyumba ya Tabata, hati ina jina la marehemu, na wakili ni wa muuzaji

MamaPacha_Tbt

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na presha maana nimepewa mpaka Ijumaa.

Mimi na mume wangu tumepanga miaka 11. Tumejibana, tumekopa na kwenye saccos ya kazini kwake, sasa hela ya nyumba imefika. Dalali katupeleka Tabata Segerea: vyumba vitatu, uzio, maji ya DAWASA, bei milioni 95. Nyumba tumeipenda. Muuzaji anasema ni ya baba yake aliyefariki, na yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Hati nimeiona kwa macho yangu, lakini ina jina la marehemu. Mama yao yuko hai, tumeambiwa anaishi Moshi.

Wanataka milioni 30 kwanza, tusaini kwa wakili wao, eti anatosha kwa pande zote mbili. Mwenyekiti wa mtaa naye anataka asilimia kumi ili agonge mhuri. Dalali anasema kuna mteja mwingine keshafika bei.

Je, wakili mmoja anatosha? Hati ya marehemu inauzika? Hiyo asilimia kumi ni halali? Na kodi za kuhamisha analipa nani?

Kaka_wa_Chanika

Dada usijisumbue na mawakili, watakumaliza hela. Mimi nimenunua Chanika mwaka juzi, tumeandikishana kwa mwenyekiti, mashahidi wawili wawili, mpaka leo naishi kwa amani.

Mzee_Kipimo

Kaka wa Chanika, wewe ulinunua eneo lisilopimwa, huyu ananunua kiwanja chenye hati. Ni vitu viwili tofauti. Kwenye hati, mhuri wa mwenyekiti hauhamishi chochote. Umiliki unahama pale Msajili wa Hati anapoandika jina lako kwenye daftari lake. Mwenyekiti akusaidie kuthibitisha kwamba familia hiyo anaifahamu na nyumba haina ugomvi. Hilo ni la maana sana, kamuulize, waulize na majirani. Ila hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinachompa asilimia kumi ya bei. Ada ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo na risiti inatoka.

Wakili_Msomaji

Dada, pole na hiyo presha. Mimi ni wakili, kazi hizi nazifanya kila wiki, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Wakili wa muuzaji analipwa na muuzaji. Hata akiwa mtu mwema, siku mkikosana hawezi kukutetea wewe dhidi ya mteja wake. Tafuta wako, na hakikisha leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unakuonyesha kwa jina. Hata huyo wa kwao mwangalie humo humo.

Kazi ya kwanza ya wakili wako ni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, kabla ya mkataba na kabla ya shilingi yoyote kutoka. Ada ya upekuzi ni ndogo ukilinganisha na hiyo milioni 30. Upekuzi unaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama nyumba imewekwa rehani benki, kama kuna mtu ameweka zuio, na hati imebakiza miaka mingapi. Hili la miaka watu wanalisahau. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1990 imeisha 2023, na kuna watu bado wanaziuza. Uliza pia deni la kodi ya pango la ardhi, maana likiachwa utakutana nalo wewe mbele ya safari.

Sasa hati ya marehemu. Marehemu hauzi. Anayeuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo omba barua yake ya uteuzi. Kama ni Mahakama ya Mwanzo, ni Fomu Namba 4. Usiishie kwenye kopi. Wakili wako aende mahakamani na namba ya shauri, alione jalada, asome ni nani hasa aliteuliwa na kama uteuzi haujatenguliwa. Baada ya hapo hati inasajiliwa kwanza kwa jina la msimamizi, ndipo inahamia kwako. Akikwambia utaruka hatua hiyo, ondoka.

Mama wa Moshi ni lazima aonekane. Kama ile ilikuwa nyumba ya ndoa, huenda ana haki yake mwenyewe ndani yake, mbali na urithi. Mimi binafsi simruhusu mteja wangu alipe bila muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na warithi wote watu wazima, mjane akiwemo. Kesi nyingi za Baraza la Ardhi na Nyumba nilizoshika zilianza na mrithi mmoja aliyesema "sikuambiwa".

Kodi: ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, kisheria ni ya muuzaji. Lakini bila kulipwa TRA, uhamisho hausajiliwi, kwa hiyo mkataba useme wazi nani analipa na lini. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Kuna uthamini wa nyumba pia, na Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35, yaani za kutoa taarifa ya uhamisho, kuomba kibali na kuhamisha umiliki. Pesa zipite benki, na sehemu kubwa ibaki mpaka uhamisho ukamilike.

Binti_Buguruni

Naunga mkono hapo kwa mama. Sisi tulilipa malipo ya awali kwa mtoto wa kwanza wa marehemu, tukahamia, tukapaka rangi. Miezi minne baadaye wadogo zake wakafungua kesi. Miaka mitatu tumezungushana, mume wangu alipata vidonda vya tumbo. Dada, huyo "mteja mwingine" na sisi tuliambiwa yupo. Mwache anunue.

Mzee_Kipimo

Nyongeza ndogo. Chukua mpima akahakiki mawe ya mipaka yanalingana na ramani ya upimaji, na umbali kutoka mtoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60, na upande wa Segerea mabonde yapo. Nenda siku mvua imenyesha.

MamaPacha_Tbt

Wakuu nimerudi. Mungu awabariki, sikulipa Ijumaa. Tumepata wakili wetu. Upekuzi ni safi, hakuna rehani, hati ni ya miaka 99. Lakini jalada la mahakamani linaonyesha wasimamizi ni wawili, huyu kaka na dada yake aliyeko Mwanza. Kaka hakututajia kabisa. Nimeongea na dada kwa simu, anasema anataka kuuza ila hajawahi kuulizwa bei. Je, anaweza kusaini akiwa huko huko?

Wakili_Msomaji

Anaweza, mbele ya wakili wa Mwanza, kwa kitambulisho cha NIDA na picha. Zije karatasi zenyewe zenye saini, si picha za WhatsApp. Na bei akubaliane nayo kwa maandishi kabla hujaenda benki.